Milango ya Bagamoyo na Hukumu ya Nakshi za Kihindi

 

Tuliulizwa na kijana wa madrasa kutoka Bagamoyo juu ya mlango wa nyumba walioachiwa na babu yao. Umechongwa maua ya yungiyungi. Mtu mmoja akawaambia kuwa ua hilo ni la ibada ya Mabaniani, hivyo ni wajibu kuung'oa na kuuuza. Ajabu ni kwamba mnunuzi alikwisha patikana kabla ya fatwa.

Kwanza tujue mlango ule ulifikaje. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara ya Ujiji na Tabora, ikipokea pembe za ndovu na, kwa msiba wetu, watumwa. Biashara ikawaleta watu wa Kachi na Gujarati: Makhoja, Mabohora na Mabaniani. Mashuhuri wao ni Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa Unguja mwaka 1851 na kufariki 1897. Alikuwa akiipatia misafara bidhaa na wapagazi, na alitoa nyumba ya ghorofa Bagamoyo iwe shule. Pamoja na watu hawa ikaja miti ya msaji na mitindo ya kuchonga, vijiraba vya mraba na misumari ya shaba. Husemwa kuwa misumari hiyo kwao India ilikuwa kinga ya tembo. Tembo wetu waliingia mjini wakiwa pembe tu.

Sanaa hiyo haikubaki kwa Wahindi. Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alikuwa ameishi uhamishoni Bombay, na milango ya Beit al-Ajaib aliyoijenga mwaka 1883 imechongwa aya za Qur'ani.

Ama hukumu, Ibn Abbas (R.A.) alimwelekeza mchoraji achore miti na visivyo na roho, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Ua halina roho. Wakisema ni kujifananisha na makafiri, tunajibu kuwa linalokatazwa ni kuwaiga katika yale yaliyo mahususi kwao. Mtume (S.A.W.) alivaa juba la Sham, na Sham wakati huo ilikuwa nchi ya Warumi. Na nani Bagamoyo aliyewahi kuuelekea mlango kwa ibada?

Muziki ni mas-ala mengine. Siti binti Saad alikwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, na taarabu ikachukua tabla za huko. Khitilafu ya wanazuoni katika ala inajulikana. Lakini kuukisia mlango kwa ngoma ni kiyasi kibovu.

Limebaki la kuuza, nalo ndilo zito. Imamu Nawawi katika Minhaj anaihesabu milango iliyosimikwa kuwa inaingia katika mauzo ya nyumba bila kutajwa. Basi mlango ule ni sehemu ya nyumba, na nyumba ni mirathi isiyogawanywa. Tulipomdadisi kijana, tukapata kuwa warithi wawili wako Oman na hawajaulizwa. Tukamwambia asiuguse mpaka waridhie wote, na zile pesa za arbuni alizokwisha pokea azirudishe.