Diapensia

Diapensia (*Diapensia lapponica*) ni kichaka kibete cha milimani kisichopukutisha majani, kilichopewa jina na Carl Linnaeus mwaka 1753. Matawi yake hushikamana ardhini kama mto wa kulalia, majani ni madogo na magumu, na kila ua jeupe lina petali tano. Huota kwenye migongo ya milima ambako upepo hupeperusha theluji na mimea mirefu haistahimili.

Hupatikana Skandinavia, Iceland, Greenland na mashariki mwa Kanada. Nususpishi nyingine huota Alaska na Japani. Nchini Uskoti ni adimu mno. Haikujulikana huko hadi 1951, C. F. Tebbutt, mpenzi wa ndege, alipoikuta kwenye kilima karibu na Glenfinnan. Sheria ya Uingereza ya 1981 inakataza kuichuma au kuing'oa, na inastahili ulinzi huo.

Kwenye vilele vya New Hampshire na New York, Marekani, tishio kubwa ni viatu vya wapanda milima. Mmea hukua polepole sana, hivyo kovu la kukanyagwa huchukua miaka mingi kufunikwa. Walinzi wa vilele vya milima ya Adirondack, huko New York, huwaomba wageni wakanyage mwamba mtupu tu.