Habari za Kazi ya Kuwauguza Wagonjwa wa Akili

Wasomaji wetu, katika vitabu vya jubilei ni desturi kuandika habari za makanisa yaliyojengwa, na shule zilizofunguliwa, na hesabu ya watu waliobatizwa. Sisi tumependa kuandika habari za kazi isiyotajwa mara nyingi, nayo ni kuwauguza watu waliopatwa na ugonjwa wa akili. Twawaandikia wazazi, na zaidi twawaandikia walimu, kwa kuwa ninyi ndio mnaoulizwa na vijana, “Nikimaliza shule nifanye kazi gani?” Kijana akisema ataka kuwa mwalimu au fundi, watu hufurahi. Akisema ataka kuwauguza wenye wazimu, mara nyingi nyumba nzima hunyamaza.

Tuanze hapa kwetu. Katika milima ya Usambara, upande wa Korogwe, pana mahali paitwapo Lutindi. Mwaka wa 1896 chama cha Wakristo Wadachi kilianzisha huko nyumba ya kuwatunza watoto waliookolewa katika utumwa. Miaka ikapita, watoto wa namna hiyo wakapungua, na wale wa kwanza wakakua. Ndipo mwaka wa 1904 nyumba ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika nchi hii iliyokuwa koloni la Wadachi. Twaona si ajabu kwamba nyumba ya watoto waliofunguliwa minyororo ikawapokea watu ambao wengi wao nao walikuwa wakifungwa kamba na mapingu na jamaa zao wenyewe.

Waliotumwa kuitunza walikuwa mashemasi wa Bethel, mji wa wagonjwa ulio karibu na Bielefeld, ulioanzishwa mwaka wa 1867 kwa ajili ya wenye kifafa. Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, aliyeshika uongozi wa Bethel mwaka wa 1872, alitaka kila mgonjwa apate nyumba, na kazi aiwezayo, na watu wa kuishi nao. Desturi hiyo ikaletwa Lutindi. Hata leo hospitali ingalipo, mikononi mwa Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kilutheri, na kazi ya shamba na ya mikono ni sehemu ya matunzo, pamoja na dawa.

Serikali nazo zilijenga. Nairobi ilipata hospitali yake mwaka wa 1910, nayo ndiyo iitwayo Mathari; Dodoma mwaka wa 1927, nayo ndiyo Mirembe. Walakini katika miaka ile ya kwanza ukuta na kufuli vilitegemewa kuliko muuguzi. Mtu alipelekwa huko ili mji upate kutulia; kama yeye mwenyewe alitulia, hilo lilikuwa swali la pili.

Basi, ni nani aliyegundua kwamba mtu wa kukaa na mgonjwa ana nguvu kuliko mnyororo? Watu wengi hujibu: daktari Philippe Pinel wa Paris. Wachoraji wa zamani walimchora akiwafungua wagonjwa, na picha hizo zimeingia katika vitabu vya shule. Habari zenyewe zina mtu mwingine, nasi twapenda kukaa naye kidogo.

Jina lake Jean-Baptiste Pussin. Alikuwa mtengeneza ngozi, akaugua matezi ya shingo, akaingia hospitali ya Bicêtre kuponywa. Alipopona hakuondoka, akapewa kazi mle mle, hata akafanywa msimamizi wa upande wa wenye wazimu. Mkewe Marguerite alifanya kazi pamoja naye. Pussin hakuwa daktari, wala hakusoma chuo cha uganga. Lakini aliwakataza watumishi wasiwapige wagonjwa, naye alipenda kuwaajiri watu waliopona, kwa kuwa hao hawakuwa wepesi wa kumtesa mtu ambaye hali yake waliijua. Pinel alipofika Bicêtre mwaka wa 1793, alimkuta mtu huyu akijua mambo yasiyokuwamo katika vitabu, akajifunza kwake, wala hakuona haya kuyaandika. Mwaka wa 1797, Pinel alipokuwa amekwisha kuhamia hospitali nyingine, Pussin aliiondoa minyororo ya Bicêtre. Daktari akafuata mfano huo kwa wagonjwa wake wa Salpêtrière. Kwa hiyo mlango ulifunguliwa na muuguzi. Picha akachorwa daktari. (Wauguzi wanaosoma habari hii pengine watacheka.)

Karibu miaka mia ikapita kabla ya kazi hiyo kupata shule. Mwaka wa 1882 hospitali ya McLean, karibu na Boston huko Marekani, ilifungua chuo cha kuwafundisha wauguzi wa wagonjwa wa akili. Linda Richards, bibi wa kwanza kupata cheti cha uuguzi katika Marekani, mwaka wa 1873, aliitumia sehemu ya mwisho ya kazi yake kuanzisha vyuo katika hospitali za namna hiyo. Alishikilia kwamba mgonjwa wa akili asitunzwe vibaya kuliko mgonjwa wa mwili. Neno hili laonekana dogo, lakini mahali pengi halijatimizwa hata sasa.

Kisha akaja Hildegard Peplau. Wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa katika jeshi la Marekani huko Uingereza, akiwauguza askari walioumia akili kwa ajili ya vita. Mwaka wa 1952 alitoa kitabu akaeleza kwamba mazungumzo ya muuguzi na mgonjwa, na uaminifu ukuao kati yao, ni sehemu ya uganga wenyewe. Wala si maneno ya kupitisha wakati mpaka daktari aje.

Mwaka huo huo wa 1952, huko Paris, dawa ya klopromazini ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili. Katika Marekani, mwaka wa 1955, hospitali za serikali za majimbo zilikuwa na wagonjwa wa akili wapata 559,000. Kwa sababu ya dawa, na sheria ya mwaka wa 1963, na hesabu ya fedha pia, wengi walirudishwa mijini. Huko nyumba za kuwatunza hazikutosha, wala madaktari. Ndipo cheo kipya kikapata nafasi. Mwaka wa 1965 Loretta Ford, muuguzi, na Henry Silver, daktari, walianza katika Chuo Kikuu cha Colorado kuwafundisha wauguzi kupima na kutibu watoto. Baadaye njia hiyo ikaenezwa hata kwenye magonjwa ya akili. Muuguzi mtabibu wa akili humsikiliza mgonjwa, huutaja ugonjwa wake, huandika dawa, na huangalia kama zamfaa. Sharti kwanza awe muuguzi kamili mwenye leseni, kisha asome shahada ya uzamili au ya udaktari, ashinde mtihani. Katika majimbo mengine hufanya kazi peke yake. Katika mengine sharti apatane na daktari.

Kwetu njia si hiyo moja kwa moja. Kijana wa Tanzania husoma uuguzi kwanza, na akitaka kuendelea, Chuo Kikuu cha Muhimbili kina shahada ya uzamili ya uuguzi wa afya ya akili. Tangu mwaka wa 2008 iko Sheria ya Afya ya Akili. Lakini mwalimu atakayemshauri kijana asianze na vyeti. Amwulize kwanza kama aweza kumsikiliza mtu asemaye jambo lile lile mara kumi bila kukasirika. Amwulize kama aweza kukaa na jamaa waliotangulia kwenda kwa mganga au kwenye maombi, asiwadharau, kwa kuwa akiwadharau hawatarudi, na mgonjwa ataachwa ndani. Hofu ya kupigwa, ambayo wazazi huitaja kwanza, sisi twaiweka nyuma: wagonjwa walio wengi hawampigi mtu, nao hudhulumiwa kuliko wanavyodhulumu.

Na kazi yenyewe, siku nyingi, haina la kusimuliwa. Wagonjwa wengine hupewa sindano ya dawa ikaayo mwilini wiki tatu au nne. Siku ya kliniki muuguzi hufungua daftari, huita majina, huchoma sindano. Jioni huhesabu walioitika. Kama jina moja halikuitika, yeye ndiye ajuaye mtu huyo akaa kijiji gani, na kwamba asipofuatwa wiki hii, wiki zijazo aweza kufungwa kamba tena. Basi hutafuta baiskeli.