2019: Afrika ya Mashariki iliimba ku tele, Kampemba ikaangalia

Wakati East Africa's Got Talent ilianza kupita ku tele, mwezi wa 8 mwaka wa 2019, huku kwetu Kampemba tuliiona vile tunaonaka mambo mingi: kipande kipande, ku telefone, mega zinaisha mbele mutu amalize kuimba. Lakini tuliisikia. Wakati mushindani wa Tanzania alikuwa anajibu kwa Kiswahili, hakuna mutu mu parsele yetu aliomba wamufasirie. Mama mumoja, muuzaji wa makala, alisimama nyuma yetu kidogo, akaangalia, kisha akauliza: «Na Bakongomani, bao bataimba siku gani?»

Hakukuwa siku yao. Na mpaka leo ile swali inanisumbua, juu majibu yenye tunapendaka kupatia haiko ya kweli.

Kwanza tukumbushane vile ilikuwa. Ile konkure haikuzaliwa Afrika. Mwenye kuitunga ni Mwingereza Simon Cowell. Ilipita mara ya kwanza Marekani mu mwezi wa 6 wa 2006, na mwaka uliofuata, kule Uingereza, Paul Potts, mutu mwenye alikuwa anauzisha telefone, akashinda kwa kuimba opera. Kisha inchi moja moja zikaanza kununua ile formule. Ku Afrika ya Mashariki iliingia kwa inchi ine pamoja: Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Ba juji walikuwa Jeff Koinange, Vanessa Mdee, Gaetano Kagwa na Makeda Mahadeo. Anne Kansiime, mchekeshaji wa Uganda, njo aliongoza. Zawadi ilikuwa dola 50.000. Mwezi wa 10, Esther na Ezekiel Mutesasira wa Uganda, mutoto mwanamuke na ndugu yake, wote wangali wadogo, wakaibeba.

Sasa, juu ya nini Kongo haikuwamo? Ba finaliste wengi watakujibu mbio: juu hatukuwa mu Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni kweli hatukuwamo. Barua ya Rais Tshisekedi ya kuomba kuingia iliandikwa mwezi wa 6 wa 2019, kumebaki miezi mbili tu emisyo ianze. Lakini hesabu vizuri. Mu ule mwaka Jumuiya ilikuwa na memba sita. Burundi ilikuwa memba, Sudan Kusini ilikuwa memba, na zote mbili hazikuwa ku ile orodha ya inchi ine. Kwa hiyo karte ya uanachama haikufungua mulango, na kuikosa si njo kulitufungia.

Mimi naona ramani ya ile konkure ilichorwa na stesheni za tele pamoja na watangazaji wa biashara. Emisyo kama ile inakula feza mingi: jukwaa, taa, kamera, safari za kutafuta baimbaji. Feza inarudi kama kuko mutu wa kuuzishia kitu kati ya nyimbo mbili. Na siye wa Lubumbashi, vitu vyetu mingi vinapitia Kasumbalesa, vinatoka Zambia na Afrika Kusini. Mutangazaji wa Nairobi hana sababu ya kulipa ili mama wa makala aone sabuni yenye haifike ku soko yake. Benki ni jambo ingine: Equity ya Kenya ilinunua ProCredit ya Kongo mu 2015, na mu 2020 ikaongeza BCDC. Feza ya Nairobi ilitujua mbele ya tele ya Nairobi.

Kulikuwa mulango mwingine, upande wa magharibi. The Voice Afrique francophone ilianza mu 2016, na pale Kongo ilihesabika. Hata ku kiti cha mwalimu alikaa Lokua Kanza, mwenye alizaliwa Bukavu. Lakini kule mutu anajieleza kwa Kifaransa. Fikiria basi kijana wa Bel-Air mwenye kuimba kwa Kiswahili cha huku kwetu: magharibi anaitwa, lakini luga yake inabaki inje, mashariki luga yake iko ndani, lakini yeye hakuitwa.

Njo maana napenda kurudia historia ya zamani zaidi, juu watu wa rika yetu wanafikiri Katanga imekuwaka pembeni siku zote. Hapana. Mu 1952 Hugh Tracey, mutu mwenye alikuwa anazunguka na mashine yake ya kurekodi, alimukuta Mwenda wa Bayeke ku Jadotville, Likasi ya leo. Alirekodi gitare yake, na wimbo «Masanga» ukapata zawadi ya Osborn ya ule mwaka. Hakukuwa kamera, hakukuwa watu wa kupiga kura. Juji alikuwa muzungu mumoja na mikrofone yake, na hiyo pia tusiisifu sana: ni yeye alichagua nani atasikika. Lakini angalia kwenye zile sahani zilifika. Mwisho wa miaka ya 1950 Mwenda alikuwa Nairobi, anaimba ku redio, anatangaza dawa ya Aspro. Edouard Masengo naye alienda kule, akatangaza Coca-Cola. Vijana wa Kenya wakajifunza kupiga gitare kwa vidole vile watu wa Katanga walikuwa wanapiga. Matangazo ya biashara, yenye mu 2019 hayakutuhesabu, ile wakati yalikuwa yanakuja kuchukua sauti huku kwetu.

Nilijaribu kumwelezea ile mama haya yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama Mwenda alilipwa.

Tarehe 8 mwezi wa 4 mwaka wa 2022, ku Nairobi, Kongo ilitia sahihi, na mwezi wa 7 tukawa memba kamili. East Africa's Got Talent ilikuwa imeishia ku ule musimu wake wa kwanza.