Chemirocha: Wimbo uliorudi Kapkatet

Chemirocha ni wimbo wa Wakipsigis, mojawapo ya jamii za Wakalenjin wa Bonde la Ufa. Ukitoka Nakuru ukapita Salgaa na Mau Summit, ukateremka hadi Kericho, mbele kidogo kwenye barabara ya Sotik utafika Kapkatet. Hapo ndipo mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alipoweka mitambo yake na kuurekodi ukiimbwa papo hapo. Wanaume waliuimba kwa namna zao, na wasichana kwa yao, wakifuatana na chepkong, ambayo ni zeze la nyuzi sita.

Huyo Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, Mmarekani wa Mississippi aliyezaliwa 1897, akaanza kurekodi 1927, na akafa kwa kifua kikuu 1933. Alipiga gitaa na kuzungusha sauti kooni. Marekani wanamwita baba wa muziki wa kantri, na mwaka 1986 aliingizwa katika jumba la heshima la rock and roll kama mmoja wa waliotangulia kuwasha moto huo.

Kapkatet hakufika. Ziliyofika ni santuri zake, zikichezwa kwenye gramafoni. Jina lake likalainishwa likafanana na majina ya huko kama Chemutai. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana walimchukulia kuwa nusu mtu nusu paa, wakamwalika acheze kwa kuruka hadi nguo zimvuke.

Wako wanaousimulia wimbo huu kwa kicheko, kana kwamba ni ushamba. Mimi naona ni ufundi. Sisi wa pwani twaijua gramafoni tangu Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Ala na mahadhi yalitujia kutoka Misri na India, tukayafinyanga yakawa taarab, na hakuna anayetucheka. Wasichana wale walifanya yayo hayo.

Linaloniuma ni jengine. Sauti zao zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, zikasikizwa na wageni wa mbali, ilhali kijijini hazikuwepo. Zaidi ya miaka 60 ilipita kabla maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, haijazirudisha nakala huko. Baadhi ya wenyewe walikutwa wangali hai, wamezeeka. Wengi walikuwa wameshakwenda.

Nasi huku tuna vikongwe wenye nyimbo za harusi na za baharini vichwani mwao. Tuwarekodi sasa, majina yao yaandikwe, na nakala ya kwanza ibaki nyumbani kwao. Mali ya mtu isingoje miaka sitini kumrudia mwenyewe.