Mafua ya kiangazi Kolwezi: dawa gani inasaidia, na gani ya kuogopa

Chafya kumi mfululizo asubuhi, pua inatoka maji, macho yanawasha. Mchana unapata nafuu kidogo, usiku pua inaziba tena. Wiki ya kwanza unasema ni mafua tu. Wiki ya tano bado uko na leso mkononi. Kwa wakaaji wengi wa Kolwezi, Fungurume na hata Likasi, hali hii inarudi kila mwaka, na wengi wanapigana nayo kwa dawa zisizoihusu: amoksisilini, siro ya kikohozi, ao vile vidonge vya deksa.

Jina lake ni alerji ya pua. Mafua ya kawaida yanaletwa na virusi na kwa kawaida yanaisha ndani ya siku saba hadi kumi. Alerji haina mikrobe. Mwili unakutana na kitu kisicho na hatari, kwa mfano unga wa maua ya majani, unakipiga vita kama adui. Katika vita hiyo unatoa kitu kinachoitwa histamini, na histamini ndiyo inayoleta maji ya pua, chafya na mwasho. Ndiyo maana antibiotiki haina kazi hapo, hata ukimeza boksi tatu. Na ndiyo maana hauwezi kumwambukiza mtu.

Si ugonjwa mpya. Munganga wa Uingereza, John Bostock, aliueleza mwaka 1819 akijitumia mwenyewe kama mgonjwa, maana ulimsumbua kila mwaka majira ya joto. Mwaka 1873 Mwingereza mwingine, Charles Blackley, alionyesha kwamba kisababishi ni unga wa maua ya majani. Kwa Kifaransa mpaka leo jina lake lina maana ya mafua ya majani makavu.

Kwetu ni majani ao ni mavumbi?

Ni vyote viwili, lakini si wakati mmoja. Majani marefu ya porini yanatoa maua hasa mvua ikielekea mwisho, na unga wake ni mwepesi, upepo unaubeba mbali. Mtu anayeanza chafya mwezi wa tatu ao wa nne, pengine shida yake iko hapo. Watu wanapenda kulaumu maua ya muembe na ya jakaranda kwa sababu yanaonekana. Lakini unga wa maua kama hayo ni mzito, unabebwa na nyuki na wadudu wengine, haufiki sana puani.

Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa mvua inakauka, na hapo ni kitu kingine. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba ni baridi, barabara za udongo zinageuka unga, malori ya madini yanapita kwenda Likasi, Lubumbashi na Kasumbalesa, na porini watu wanachoma majani. Mavumbi na moshi vinakwaruza pua ya kila mtu, hata asiye na alerji. Mwenye alerji anaumia mara mbili. Maji yanayonyunyizwa barabarani asubuhi, mchana yamekauka, kila mtu anaona.

Kuko pia vidudu vidogo sana vya godoro, havionekani kwa macho. Vinapenda unyevu, kwa hiyo vinasumbua zaidi wakati wa mvua. Ukipiga chafya kitandani mwaka mzima, fikiria godoro kwanza.

Andika kwenye kalenda mwezi unaoanza na mwezi unaopona. Ni kazi ya bure na itamsaidia munganga kuliko maelezo marefu.

Neno moja juu ya mavumbi yetu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza uchunguzi wao wa Kasulo, kartie ambamo watu walichimba madini ndani ya parseli zao. Walikuta kobalti nyingi katika mavumbi ya nyumba, na katika mkojo na damu ya wakaaji, zaidi sana kwa watoto. Inajulikana pia kwamba kobalti inayovutwa kwa pua inaweza kuleta pumu kwa baadhi ya wafanyakazi. Kwa hiyo mchimbaji ao mtu wa depo anayeona anapumua vizuri siku za kupumzika, halafu kifua kinabana akirudi kazini, asiseme ni mafua ya kiangazi. Aende kupimwa kifua.

Kinachosaidia

Cha kwanza ni maji ya chumvi. Chemsha maji, yaache yapoe, pima nusu litre, tia kijiko kidogo kimoja cha chumvi. Inama juu ya beseni, ingiza maji tundu moja kwa sirenge isiyo na sindano ao kikombe chenye mdomo, yatoke tundu la pili, huku unapumua kwa mdomo. Mara moja ao mbili kwa siku, hasa ukirudi kutoka barabarani. Usitumie maji ya kisima ao ya robine bila kuchemsha. Puani vijidudu vya maji vinaweza kuleta ugonjwa mbaya sana. Maji yaliyobaki, mwaga.

Cha pili ni vidonge vya alerji. Setirizini ao loratadini, kidonge kimoja cha miligramu 10 kwa siku kwa mtu mkubwa, vinapunguza chafya na mwasho ndani ya masaa machache. Klorfenamini ni ya zamani na inasaidia pia, lakini inaleta usingizi. Wewa, dereva wa lori, mtu wa mashini, usiimeze ukienda kazini. Hata setirizini inalaza watu wengine, kwa hiyo ijaribu kwanza usiku. Mama mwenye mimba ao anayenyonyesha aulize kwanza, na mtoto anapimiwa kipimo chake, hakatiwi nusu ya kidonge cha baba.

Ikiwa pua inaziba kila siku, dawa nzuri zaidi ni ya kupuliza puani, kama beklometazoni ao budesonidi. Si kila farmasi iko nayo na bei inazidi vidonge. Wengi wanaiacha siku ya tatu wakisema haifanyi kitu. Inahitaji matumizi ya kila siku, na nguvu yake kamili inaweza kuchukua wiki mbili. Inamisha kichwa kidogo mbele, elekeza upande wa sikio, si katikati ya pua, na usivute kwa nguvu.

Matone yanayofungua pua mara moja, kama oksimetazolini, ni mtego. Yakipita siku tano pua inazoea, na ukiacha inaziba kuliko mwanzo.

Juu ya deksa

Deksametazoni inakausha pua haraka, ndiyo sababu inapendwa. Inauzwa hata kidonge kimoja kimoja bila karatasi ya munganga, na wengine wanaimeza ili wanenepe. Ni dawa ya kweli, opitalini inaokoa watu. Lakini kuimeza wiki kwa wiki kwa ajili ya chafya kunapandisha sukari na tansio, kunavimbisha uso, kunaweza kutoboa tumbo, na kunashusha kinga hadi kifua kikuu kilichokuwa kimelala kinaamka. Aliyeimeza muda mrefu asiache ghafla pia, kwa sababu mwili umesahau kujitengenezea ya kwake. Aende kwa munganga apunguziwe polepole.

Nyumbani, mwagia maji kidogo kabla ya kufagia, ao futa kwa kitambaa chenye maji. Usianike mashuka upande wa barabara. Anika godoro juani, funika kitanda mchana, nawa uso na macho ukiingia. Usichome plastiki na mipira ndani ya parseli. Kwa wewa, miwani na maski iliyobana vizuri vinasaidia kuliko leso.

Wakati si alerji

Alerji ya pua haileti homa na haikondeshi mtu. Kikohozi cha wiki mbili ao zaidi, jasho la usiku, kukonda, ao damu kwenye makohozi: nenda kituo cha afya upimwe kifua kikuu. Kipimo na dawa zake ni bure katika nchi yetu. Aliyevunja mawe miaka mingi aseme hivyo wazi kwa munganga, maana vumbi la mawe linaharibu mapafu pia.

Kifua kikipiga filimbi, inaweza kuwa pumu, na vidonge vya alerji peke yake havitoshi. Mtu asiyeweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, ao mtoto ambaye mbavu zinaingia ndani akipumua, apelekwe opitali saa hiyohiyo, hata usiku. Na mtoto anayetoka kamasi yenye harufu mbaya tundu moja tu, mara nyingi amejitia kitu puani, haragi ao punje ya mahindi. Usijaribu kukitoa kwa kijiti, utakisukuma ndani.