Kwa Nini Mtu Mzima Haachi Vitu Vyake vya Kuchezea?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ukitoka Himo ukapanda Marangu, kisha ukashika barabara iendayo Rombo, utapita Mamba na kufika Mwika. Huko ni nchi ya mlima, nyumba zimezungukwa na migomba na mibuni, na kila ukoo una kihamba chake ambamo wamezikwa wazee wake. Kila ufikapo mwisho wa mwaka, watu wa huku waliotawanyika Dar es Salaam, Tanga, Nairobi na kwingineko hurudi nyumbani, Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Sasa mwangalie mmoja wao baada ya kwisha kuwaamkia wazee. Ni mtu mzima, kichwa kina mvi, na huko mjini ana duka au ofisi. Lakini utamwona anapanda darini na kuanza kupekua kati ya kuni na magunia. Hatafuti hati ya shamba. Anatafuta gari la waya alilolichezea alipokuwa na umri wa miaka minane. Akilipata hulifuta vumbi, akalifunga katika gazeti, akaenda nalo mjini na kuliweka juu ya kabati.

Wako wanaomcheka na kusema kwamba akili yake imerudi utotoni. Wako pia wanaosema ni upuuzi usiomfaa Mwislamu. Basi, ndugu msomaji, kabla hatujamhukumu mtu huyu, na tuiulize historia.

Kwanza ujue kuwa jambo hili si geni duniani. Warumi wa kale walikuwa na desturi kwamba binti anapokaribia kuolewa huwatoa wanasesere wake na kuwaweka mbele ya masanamu yao, kuwa ni alama ya kuuaga utoto. Na mwaka 1889, walipokuwa wakichimba msingi wa jengo mjini Rumi, walilikuta jeneza la msichana aitwaye Crepereia Tryphaena, aliyefariki katika karne ya pili baada ya Nabii Isa (A.S.). Ndani yake mlikuwa na mwanasesere wa pembe ya ndovu mwenye viungo vinavyokunjika. Alizikwa pamoja na mwanasesere wake. Ibada zao si zetu, walakini moyo wa binadamu ni ule ule: tangu zamani watu wamejua kuwa kuagana na kitu cha utotoni ni jambo zito.

Pili, yako maradhi ya moyo ambayo watu wa milimani huyajua zaidi ya wengine. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari aitwaye Johannes Hofer, aliyekuwa akisoma mjini Basel, aliandika juu ya vijana wa Uswisi waliokwenda mbali na kwao, wakakosa usingizi na hamu ya chakula, na dawa zisiwafae. Aliyaita maradhi hayo kwa jina alilolitunga kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja lina maana ya kurudi nyumbani na la pili lina maana ya maumivu. Kwa Kiswahili chetu twaweza kuyaita kiu ya kwao. Hofer alisema dawa yake ni kumrudisha mgonjwa nyumbani.

Mchagga haoni ajabu kwa habari hiyo. Ardhi ya mlima ni chache, na kihamba kikigawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, hakimtoshi tena kila mtu. Mwaka 1989, mapatano ya dunia yaliyokuwa yakiishikilia bei ya kahawa yalipovunjika, bei ikaanguka, na vijana wengi zaidi wakaziacha buni na kuteremka mjini kufanya biashara. Mtu wa namna hii hawezi kuubeba mlima akaenda nao. Hawezi kuubeba mfereji uliopita nyuma ya nyumba yao, wala sauti ya marehemu baba yake. Lakini gari la waya laweza kubebwa. Hivyo anachukua lile linalobebeka badala ya yale yasiyobebeka.

Je, sababu imekwisha hapo? La. Mbona hakuchukua jembe au chungu? Hao nao walikuwa nyumbani. Hapana budi kuna jambo ndani ya kitu cha kuchezea lisilokuwamo katika jembe. Ili tulione, tutazame vitu hivyo vilitoka wapi.

Watoto wa Uchagani hawakununuliwa vitu vya kuchezea. Majani makavu ya mgomba yalisokotwa na kufungwa kamba, yakawa mpira. Gunzi la hindi lenye ndevu zake lilifungwa kitambaa, likawa mwana, na msichana akalibeba mgongoni kama mama yake. Mwaka 1940 Otto Raum alitoa kitabu chake juu ya malezi ya watoto wa Kichagga, kiitwacho Chaga Childhood, na humo ameeleza kwa urefu michezo hiyo na jinsi watoto walivyoziiga kazi za wakubwa.

Waya nao una historia yake. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili ilipanda kutoka pwani ikileta nguo, shanga na waya wa kutengenezea mapambo. Miongoni mwa viongozi wa misafara hiyo alikuwa Bwana Kheri, ndiye aliyemwongoza mmisionari Johannes Rebmann hadi Uchagani mwaka 1848. Baadaye reli ya kutoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911, na mwaka 1933 chama cha ushirika cha KNCU kikaanzishwa, na malori ya kahawa yakawa yanapita barabarani. Mtoto huiga alichokiona. Aliyewahi kumwona mhunzi wa Mamba alijifanya mhunzi, na aliyeliona lori alitafuta waya, akaukunja ukawa lori, akakata magurudumu kutoka kandambili iliyokatika, akatia usukani mrefu na kuliendesha njiani.

Lakini mtoto wa miaka mitano hawezi kukunja waya. Hana nguvu ya vidole. Aliyemtengenezea ni kaka, au mjomba, au baba aliyerudi shamba amechoka akaketi kibarazani. Na aliyemsokotea mpira wa kwanza ni mama au bibi. Hii ndiyo siri yenyewe, ndugu msomaji. Jembe lilitengenezwa kwa ajili ya kazi, lakini gari lile lilitengenezwa kwa ajili yako. Kuna mtu aliyeacha shughuli zake saa nzima kwa sababu ya furaha yako tu, wala hakutaka malipo. Anayelihifadhi gari hahifadhi waya. Anahifadhi ushahidi kwamba alipendwa.

Wala usidhani kuwa dini yetu haikulitazama jambo hili. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Bibi Rubayyi binti Muawwidh (R.A.) habari za funga ya Ashura mjini Madina. Wanawake wa Kiansari waliwafungisha watoto wao wadogo, na wakawatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufi. Mtoto akililia chakula hupewa kile kitu cha sufi kimshughulishe mpaka wakati wa kufuturu. Tazama: Madina kulikuwa na kondoo, wakatumia sufi, Mwika kuna migomba, wakatumia majani ya mgomba. Mkono wa mama ni mmoja.

Na katika Sunan ya Abu Daud imo habari ya Bibi Aisha (R.A.). Alikuwa na wanasesere wake, amewaweka katika kirafu kilichofunikwa pazia. Bwana Mtume (S.A.W.) aliporudi kutoka vita vya Tabuk au Khaibar, upepo ulivuma ukalifunua pazia, akawaona. Akauliza ni nini hao, naye akajibu kuwa ni mabinti zake. Katikati yao akaona farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Akastaajabu kuona farasi ana mbawa. Bibi Aisha akamjibu kwa kumuuliza kama hakupata kusikia kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa. Bwana Mtume (S.A.W.) akacheka hata yakaonekana magego yake.

Fikiri vizuri habari hii. Huyu ni kiongozi wa umma, ametoka safari ya jihadi, ana mizigo ya watu wote mabegani. Hakukemea, wala hakusema kuwa hana wakati. Alisimama akauliza, akasikiliza, akacheka.

Sasa jiulize: farasi yule yuko wapi? Hayupo. Vitambaa vyake vilichakaa, na hakuna nyumba ya makumbusho duniani inayoweza kudai kuwa inaye. Kilichobaki ni kicheko cha Bwana Mtume (S.A.W.), nacho kimebaki kwa sababu Bibi Aisha alikisimulia. Aliishi miaka mingi baada ya Mtume kufariki, akifundisha Maswahaba na waliokuja baada yao, mpaka alipofariki karibu mwaka wa 58 wa Hijra. Katika elimu yake kubwa ya sheria na ya Sunna, hakuona haya kuitia na habari ya farasi wa vitambaa. Naye hakukabidhi farasi. Alikabidhi upendo uliokuwa karibu na farasi.

Hapo, ndugu yangu, ndipo mimi nilipokosea, nami nitakuambia ili upate funzo. Kaka yangu mkubwa, Mwenyezi Mungu amrehemu, alinitengenezea lori la waya nilipokuwa mdogo, kisha akaenda kutafuta kazi mbali, na huko akafariki. Nikalichukua lile lori kutoka nyumbani Mwika, nikaliweka juu ya kabati nyumbani kwangu Moshi zaidi ya miaka thelathini. Siku moja ya Idd, mpwa wangu, mtoto wa miaka sita, aliliona na kuniomba.

"Mjomba, nipe nicheze."

Nikamjibu kwa ukali kuwa litaharibika. Mtoto akainamisha kichwa akatoka. Mama yangu alikuwa ameketi pale, akaniambia kwa upole:

"Mwanangu, kaka yako alilitengeneza likae juu ya kabati?"

Sikuwa na jibu. Nikaliteremsha, nikamwita mtoto. Kabla ya adhana ya Adhuhuri gurudumu moja lilikuwa limekwisha kutoka. Tukatafuta kandambili kuukuu, nikaketi chini pamoja naye, tukakata jingine. Na nilipokuwa nikikata nikajikuta ninamsimulia habari za mjomba wake ambaye hakuwahi kumwona: alivyokuwa hodari wa kupanda miti, alivyokuwa akinibeba mgongoni kuvuka mfereji. Hapo ndipo nilipotambua kosa langu. Miaka yote lori lilipokuwa salama juu ya kabati, jina la kaka yangu halikupata kutajwa mbele ya mtoto hata mmoja. Nilihifadhi waya nikampoteza mwenye kuukunja.

Siku hizi katika nchi za Ulaya na Marekani kukusanya vitu vya kuchezea kumekuwa biashara kubwa. Wako wanaovinunua vikiwa katika sanduku lake na kuviacha humo visifunguliwe, kwa sababu kikifunguliwa bei hushuka. Hicho hakijapata kumfurahisha mtoto yeyote. Lakini huko huko wamo wenye kukumbuka kwa kweli. John Betjeman, mshairi mkuu wa Uingereza, alikuwa na dubu wa kitambaa wa utotoni aliyekwenda naye mpaka Chuo Kikuu cha Oxford, na inasimuliwa kuwa alipofariki mwaka 1984 dubu huyo alikuwa mikononi mwake. Na London, katika mtaa wa Bethnal Green, jumba la makumbusho ya utoto lilifunguliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2023 linaitwa Young V&A, nalo limetengenezwa ili watoto wenyewe waingie na kucheza. Hao wamefahamu kuwa kitu cha kuchezea kina haki yake, na haki yake ni kuchezewa.

Basi kwa muhtasari tushike mambo matatu.

Kwanza, kumkumbuka aliyekutendea wema si upuuzi. Ni wafaa, na wafaa ni katika tabia njema. Ukiliona gari lako la zamani mwombee dua aliyekutengenezea. Dua itamfikia, gari halitamfikia.

Pili, jihadhari ukumbusho usigeuke kuwa fahari. Sura ya At-Takathur imetuonya juu ya kushindana kwa wingi wa vitu mpaka makaburini. Na wanavyuoni wengi waliporuhusu wanasesere wa watoto, walitoa ruhusa hiyo kwa sababu ya mchezo na mafunzo ya malezi. Ruhusa imefuata mchezo. Anayepanga masanamu ukutani kwa kujionyesha asijifiche nyuma ya Hadithi ya Bibi Aisha.

Tatu, mtoto aliye mbele yako leo ana haki kuliko kumbukumbu yako. Gulioni Mwika na madukani Moshi yamejaa magari ya plastiki kwa bei ndogo, na mzazi hulinunua moja, akampa mtoto, akageukia simu yake. Gari hilo likivunjika hutupwa, na hakuna atakayelitafuta darini baada ya miaka arobaini, kwa kuwa ndani yake hamna mtu. Kaa naye. Msokotee mpira, au mwulize farasi wake ana mbawa za nini, kisha usikilize jibu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotulea, na atuwezeshe kuwalea watoto wetu kwa huruma ya Mtume wake (S.A.W.). Amin.

Wabillahi tawfiq.