Mbwa Wasio na Mwenyewe: Kutoka Uani Holloway Hadi Battersea

Agosti mwaka 1862, jarida la All the Year Round, lililokuwa chini ya uhariri wa Charles Dickens, lilichapa makala kuhusu maonyesho mawili ya mbwa jijini London. Ya kwanza yalikuwa maonyesho kweli: ukumbi mkubwa wa Islington, kiingilio mlangoni, mbwa waliooshwa na kuchanwa manyoya, wenye majina na nasaba za kujivunia. Ya pili yalikuwa uani, kwenye mabanda ya farasi mtaani Holloway, si mbali na pale. Huko walikuwapo mbwa waliookotwa barabarani, wengine mbavu nje, wasio na jina wala bei. Mwandishi alizunguka kote kuwili, na moyo wake ukabaki Holloway.

Njia hizi mbili za kumpata mbwa zilianza karibu wakati mmoja. Maonyesho ya kwanza rasmi ya mbwa nchini Uingereza yalifanyika Newcastle mwaka 1859. Uani kule Holloway palifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1860. Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa nasaba, kikafuata mwaka 1873. Tangu hapo mtu anayetaka mbwa amekuwa akikabiliwa na swali lilelile: nitafute mbegu ninayoipenda, au nimchukue aliyekosa mtu?

Aliyefungua mabanda ya Holloway ni Mary Tealby, mama aliyezaliwa mwaka 1801. Alikuwa ametengana na mumewe, mfanyabiashara wa mbao wa Hull, akaja kuishi London na kaka yake, mchungaji Edward Bates. Inasimuliwa kwamba siku moja alikwenda kumtembelea rafiki yake, Bibi Sarah Major, mtaani Canonbury, akamkuta jikoni akimhangaikia mbwa aliyemwokota njiani akiwa taabani kwa njaa. Wawili hao walimuuguza, lakini mbwa akafa. Tealby hakuliacha jambo likaishia pale. Walianza kuokota wengine na kuwaweka nyumbani, nyumba ikajaa, na hapo ndipo yakakodiwa yale mabanda. Kituo kikaitwa Makao ya Muda ya Mbwa Waliopotea na Wenye Njaa. Neno “muda” liliwekwa makusudi: mbwa angoje mwenyewe, na mwenyewe asipotokea, atafutiwe mwingine.

Gazeti la The Times halikuchelewa kumkejeli. Katika mwezi uleule wa Oktoba lilichapa tahariri ikiona kwamba huruma imevuka mpaka na akili zimeruka, mbwa wajengewe makao ilhali binadamu wanakufa njaa mjini. Hoja hiyo haijafa. Inasemwa Nairobi, inasemwa Dar es Salaam, kila mtu anapoonekana akimpeleka mbwa koko kwa daktari wa mifugo. Naiheshimu, kwa sababu njaa ya watu ni kweli. Lakini sikubali kwamba huruma ni mfuko mmoja, ukichota kwa mnyama unampunguzia mtu. Kila Mwislamu aliyepita madrasa amesikia hadithi ya yule msafiri aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Hadithi hiyo imefundishwa pwani yetu kwa vizazi na vizazi, miongoni mwa watu wasiomlaza mbwa ndani ya nyumba. Kumpenda mbwa na kumhurumia ni mambo mawili, na Tealby alianza na la pili.

Ili kuona ugumu wa kazi yake, itazame London ya wakati ule. Mbwa wa thamani alikuwa bidhaa ya wezi. Mshairi Elizabeth Barrett aliibiwa mbwa wake, Flush, mara tatu; mara ya tatu, mwaka 1846, alipanda gari la farasi mwenyewe hadi vichochoro vya mashariki mwa jiji kudai arudishiwe, na mwishowe fidia ikalipwa. Hakuna mwizi aliyejisumbua na mbwa chotara. Huyo hakuwa na thamani kwa mwizi wala kwa mwenye duka, na akizeeka au akizaa ovyo alifukuzwa tu mlangoni. Ndiye aliyejaza mabanda ya Holloway.

Tealby aliugua saratani, akafariki mwaka 1865, miaka mitano tu baada ya kufungua kituo. Miaka miwili baadaye ilipita sheria ya barabara za London iliyowapa polisi mamlaka ya kuwakamata mbwa wanaozurura na kuwashikilia siku tatu. Polisi hawakuwa na pa kuwaweka, wakawaleta Holloway. Majirani nao walikuwa wamechoka na makelele ya usiku. Mwaka 1871 kituo kikahamia Battersea, kusini mwa mto Thames, kwenye kiwanja kilichobanwa na reli, mahali ambapo mbwa akibweka garimoshi lilimfunika sauti. Kipo hapo hadi leo. Paka walianza kupokelewa mwaka 1883, na mwaka 1885 Malkia Victoria akakubali kuwa mlezi wake. Kejeli za The Times zikawa zimepitwa na wakati.

Hapa historia inageuka kuwa chungu, na wanaoisimulia kwa furaha tupu hupenda kuiruka sehemu hii. Katika karne ya 19 wengi wa mbwa walioletwa Battersea hawakutoka wakiwa hai. Siku za kungoja zilipokwisha, wachache walidaiwa, wachache wakanunuliwa, na waliobaki wakauawa. Mwaka 1884 daktari Benjamin Ward Richardson aliwajengea chumba cha gesi ili wafe bila maumivu, na jambo hilo lilipokelewa kuwa hatua ya kiutu. Nyuma yake kulikuwa na hofu ya kichaa cha mbwa. Serikali iliamuru mbwa wafungwe midomo wanapotoka nje, polisi wakawasomba maelfu kwa maelfu, na mwaka 1902 Uingereza ikatangaza kwamba ugonjwa umetoweka nchini.

Sisi tumerithi hofu ile, na katika miji yetu mingi dawa imekuwa ileile: mtu anaumwa na mbwa, risasi au sumu inatoka. Leo tuna njia wasiyokuwa nayo Waingereza wa 1885. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mbwa wapatao asilimia 70 wakichanjwa katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kisiwani Pemba kichaa cha mbwa kilidhibitiwa kwa kampeni za chanjo. Kiliporudi kutoka nje, chanjo ikakitokomeza tena. Kumuua mbwa koko asiye mgonjwa huacha nafasi tu, ikajazwa na mwingine asiyechanjwa.

Wasimamizi wa Battersea walikuwa na mwiko mmoja ambao naona unastahili heshima hata katika miaka hiyo ya vifo: hawakukubali kuwauza mbwa kwa maabara zilizopasua wanyama wakiwa hai. Eneo zima lilikuwa moto kwa suala hilo. Mwaka 1906 ilisimamishwa Battersea sanamu ya mbwa wa rangi ya kahawia kumkumbuka mmoja aliyefia mikononi mwa watafiti, wanafunzi wa udaktari wakaja kuivunja, zikazuka ghasia, na mwaka 1910 halmashauri ikaiondoa usiku chini ya ulinzi wa polisi.

Vita Kuu ya Kwanza vilimpa mbwa koko kazi. Luteni Kanali Edwin Richardson alifungua chuo cha mbwa wa vita Shoeburyness mwaka 1917, na kati ya wanafunzi wake wa kwanza walikuwamo mbwa wa Battersea, wakifundishwa kupeleka barua kutoka mahandaki ya mbele huku mizinga ikilia. Kilichohitajika pale ni akili, miguu na utiifu. Hakuna aliyeuliza babu zao.

Vita vya Pili vilianza na jambo ambalo Waingereza walikaa miongo mingi bila kulizungumza. Septemba 1939, hata kabla ya bomu la kwanza kuanguka, wakazi wa London walipanga foleni kwa madaktari wa mifugo kuwaua mbwa na paka wao wenyewe. Kijikaratasi cha ushauri kilikuwa kimewaambia wawapeleke wanyama mashambani, na wasipoweza, ni huruma zaidi kuwamaliza. Mwanahistoria Hilda Kean, aliyeandika kitabu kizima juu ya mauaji hayo, anataja wanyama wapatao 400,000 katika wiki ile ya kwanza. Hao hawakuwa mbwa koko. Walikuwa na majina, na siku moja kabla walikuwa wamelala miguuni pa watoto. Battersea iliendelea kufungua milango muda wote wa vita na wafanyakazi wa kuhesabika, ikiwapokea walioachwa na waliotoroka nyumba zilizobomolewa.

Mbwa aliyeifanya dunia iwatazame upya wanyama wa vituoni alikuja baadaye sana. Mwaka 2004 wafanyakazi wa Battersea walikuwa wakifika asubuhi na kukuta mbwa kadhaa wako nje ya vyumba vyao, chakula kimeliwa, vitu vimetapakaa. Komeo lilikuwa la nje. Haikueleweka nani anafungua. Zikawekwa kamera. Picha zikamwonyesha Red, mbwa mwembamba wa miguu mirefu, akipenyeza pua na meno kwenye nondo, akilivuta komeo polepole hadi linaachia. Alipotoka hakukimbilia chakula peke yake. Alipita kwa wenzake akiwafungulia, kisha wote wakaenda kula na kucheza hadi alfajiri. Habari ilizunguka dunia na watu wengi wakajitokeza kumtaka. Namtaja kwa sababu hakuna cheti cha nasaba ambacho kingemweleza Red. Ilibidi mtu amtazame yeye mwenyewe.

Na huko ndiko kazi ya vituo ilikohamia. Zamani mgeni alipita mbele ya vizimba akanyoosha kidole. Siku hizi, Battersea na kwingineko, mhojiwa wa kwanza ni binadamu. Unakaa nyumba ya namna gani? Nani anabaki nyumbani mchana? Kuna mtoto mdogo, kuna paka? Utatembea naye saa ngapi, mvua ikinyesha je? Kisha ndipo mbwa anatajwa, na mara nyingi si yule uliyemwona pichani. Watu hukasirika. Mimi naona vituo viko sahihi, maana wengi huchagua kwa macho, wakapenda rangi ya manyoya ya mbwa aliyezaliwa kukimbiza kondoo kutwa, wakamfungia ghorofani, na baada ya miezi miwili wakalalamika kwamba anatafuna makochi.

Sheria nazo zimejongea upande huo. Tangu Aprili 2016 kila mbwa nchini Uingereza lazima awe na kichipu chini ya ngozi chenye namba inayomtambulisha mwenyewe, hivyo aliyepotea hurudi kwao haraka kuliko Tealby angeweza kuota. Mwaka 2020 ikaanza kutumika England sheria iitwayo ya Lucy, kwa jina la mbwa jike aliyeokolewa kutoka shamba la kuzalisha mbwa huko Wales, mwili umeharibika kwa kuzalishwa bila kupumzishwa. Sasa muuzaji wa kati haruhusiwi kuuza mbwa wala paka mwenye umri chini ya miezi 6. Anayetaka mtoto wa mbwa aende kwa mfugaji amwone pamoja na mama yake, au aende kituoni.

Kenya ina chama chake cha kutetea wanyama, KSPCA, kilichoanza mwaka 1910 enzi za ukoloni, chenye makao Nairobi. Hapo pia mbwa hutolewa akiwa amechanjwa na kufungwa kizazi, na anayemtaka huulizwa maswali. Wengi huja wakitafuta mlinzi, kwani kwetu mbwa kwanza ni wa getini, na kibao cha “Mbwa Kali” hutangulia hata kabla mbwa mwenyewe hajapatikana. Si kosa. Mbwa wa asili yetu, yule wa kahawia, masikio wima na mkia wa kupinda, ni mlinzi hodari na hastushwi na jua letu. Kosa ni kumfunga mnyororo mchana kutwa tukidhani ndio ukali.

Waliozoea kuwachukua mbwa wa vituoni huhesabu hivi: siku 3, wiki 3, miezi 3. Siku 3 za kwanza mbwa hujificha nyuma ya kochi, hagusi chakula, hunywa maji usiku watu wakilala. Ukichukua ufagio ananywea chini, na hujui ni nani aliyemchapa nao. Anaweza kukojoa sebuleni ilhali kituoni alikuwa msafi. Usiwaite wageni waje kumwona. Mpe chakula saa ileile, mahali palepale, mpitishe njia ileile, mwache akufuate mwenyewe. Ndani ya wiki 3 huanza kujua ratiba ya nyumba, nani hutoa chakula, mlango upi hufunguka kwenda nje. Hapo ndipo tabia yake halisi hutokea, na wengine hushtuka: yule mpole wa juzi sasa anabweka dirishani, analinda bakuli lake. Miezi 3 ikipita, wengi huwa wamekubali kwamba pale ndipo kwao.

Wako wasiokubali. Mbwa akachukiana na mtoto, au mzee akashindwa kumdhibiti kwenye kamba. Ndiyo maana vituo vingi huandika katika mkataba kwamba akishindikana arudishwe kwao, asiuzwe wala kugawiwa. Anayerudisha huhojiwa kwa upole, bila kuaibishwa, kwa sababu anajua mambo ambayo kizimba hakiwezi kuonyesha: kwamba mbwa huyu haogopi radi lakini anaogopa pikipiki, kwamba hulala vizuri akisikia redio, kwamba anahitaji nyumba isiyo na paka. Yote huandikwa kwenye faili lake, na mtu wa pili anayekuja kumwona husomewa kabla hajaonyeshwa mbwa.